Maua ya Kondeni: Tafakari ya Mathayo 6:25–34

Katika hotuba ya mlimani, Yesu anawataka wasikilizaji wayaangalie maua ya kondeni, namna yanavyomea, kisha ndipo anamtaja Sulemani na mavazi yake. Mahubiri mengi huliruka agizo hilo la kuangalia ili kuwahi katazo la kujisumbua. Lakini mpangilio wa mistari ya 28 hadi 30 ni huo: macho kwanza, faraja baadaye.

Maua yaliyokusudiwa hayakuwa ya bustani ya mfalme. Vilima vya Galilaya hupata mvua wakati wa baridi, na kuanzia Februari hadi Aprili nyasi zake huchanganyika na maua mekundu, ya zambarau na ya manjano. Upepo mkavu wa mashariki ukivuma, yote hunyauka upesi. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo majani makavu yalitumika kuwashia tanuru la udongo la kuokea mikate; ndio moto wa mstari wa 30. Msikilizaji wa kwanza alilijua jambo hilo kwa mikono yake, hasa akiwa mwanamke.

Tanzania nayo ina konde la namna hiyo. Uwanda wa Kitulo, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina takriban aina 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Mgeni anayeuliza simba wako wapi huna budi kumwambia atazame miguuni pake.

Kupiga picha huko ni shule nzuri ya mstari wa 28. Maua huchanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya msimu wa mvua, hivyo anayeyataka ni lazima alowe. Okidi nyingi ni fupi. Mpiga picha hupiga magoti au hulala kifudifudi kwenye nyasi zenye maji. Upepo wa uwandani hautulii, naye hungoja, kidole juu ya kitufe, hadi shina liache kuyumba. Wingu jepesi humfaa kuliko jua kali, kwa kuwa jua la saa sita hufuta rangi na kuacha vivuli vyeusi. Katika kungoja huko ndipo huonekana vidoa ndani ya petali na mdudu aliyejificha, vitu ambavyo mwenye haraka hupita bila kuviona. Hata hivyo, picha haiongezi thamani ya ua. Ayubu 38:25–27 humweka Mungu akinyeshea nchi isiyo na mtu na kuchipusha majani yake. Sehemu kubwa ya Kitulo huchanua hivyo, bila shahidi mwenye kamera.

Njia ya miguu huvuka milima ya Livingstone na kushuka hadi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Huko mtembezi hubadili fimbo kwa kafi. Kupiga picha ya ua la kwenye jabali ukiwa ndani ya mtumbwi kuna shida yake: chombo hakitulii hata mkono ukitulia, na mwenye kamera hulazimika kumwachia mwenzake kupiga makasia. Mitumbwi mingine majini humo haina muda wa maua. Imebeba vyungu vya wanawake wa Kikisi kutoka kijiji cha Ikombe, vinavyopelekwa kuuzwa Matema, na bei ya chungu ndiyo chakula cha nyumbani.

Hapo ndipo kifungu hiki cha Mathayo hubana. Mwenye kamera na nauli ya kurudi husikia kwa wepesi kwamba asijisumbue. Lakini swali la mstari wa 31, tule nini, huulizwa Kitulo kwenyewe na watu wengine. Viazi vya okidi, vinavyoitwa kinaka, huchimbwa, husagwa na kupikwa pamoja na karanga. Hupendwa sana Zambia, na biashara hiyo imemaliza okidi katika maeneo mengi ya nyanda za juu kusini. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekufa. Ndani ya hifadhi ni marufuku, lakini mchimbaji mwenye njaa analiangalia ua lile lile kwa jicho jingine, na si haki kumhesabu kuwa adui wa uumbaji kabla ya kuuliza ana shamba gani.

Yesu alisema na watu wa hali ya mchimbaji zaidi kuliko ya mtalii. Hakuwaambia kwamba ua litadumu. Alisema kesho linatupwa motoni, na bado Mungu amelivika. Faraja yao haikujengwa juu ya urefu wa maisha ya ua, bali juu ya Baba anayejua mahitaji yao, mstari wa 32. Mstari wa 33 huunganisha ufalme wa Mungu na haki yake, na haki hiyo hudai kitu kwa aliyeshiba. Akiwa Kitulo, hudai alipe kiongozi wa kijijini ujira unaostahili, anunue viazi mviringo na maziwa kwa wakulima wa jirani, na asikanyage okidi kumi ili kuipata moja kwenye picha. Kesho, kwa mujibu wa mstari wa 34, ina masumbufu yake, ya mwenye jembe na ya mwenye kamera.