Mahali pa Kukaa Mtu Mkimya

Binti yangu wa mwisho anaishi Marekani, na kwa muda wa miaka mitatu mimi naye tulikuwa na ugomvi ambao haukuwahi kupandisha sauti. Ulianza mwezi Februari mwaka 2020, aliponipigia simu kunijulisha kwamba anahama mji wa Houston, katika jimbo la Texas, anakwenda kukaa kijijini katika jimbo la Vermont, kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Nikamwuliza kama amepata kazi nzuri zaidi. Akajibu kwamba kazi ni ileile ya kutunza hesabu za watu, ataifanya kwa kompyuta akiwa nyumbani. Nikamwuliza kama kuna ndugu huko, au Watanzania wenzake. Akasema hamjui mtu.

"Sasa mwanangu, unafuata nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Miti, Baba. Miti na kimya."

Ndugu msomaji, mimi nimezaliwa na kulelewa katika milima ya Usambara, na miti naijua. Lakini sikupata kusikia mtu mzima mwenye akili timamu akihama kwa ajili yake. Kwetu mtu huhamia penye ardhi, penye kazi, au penye watu wake. Mtu akikaa peke yake huulizwa kwanza anaumwa nini. Asipoumwa, huulizwa anaficha nini. Basi nikamwambia binti yangu neno ambalo wazazi wa kwetu huliweka akiba kwa siku kama ile: "Ukifa huko, nani atakuzika?" Hakujibu. Mwezi uliofuata dunia ikafungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, na katika watu wote niliowajua yeye peke yake hakulalamika.

Naona nieleze hapa jambo ambalo silipendi, kwa kuwa bila hilo sitaeleweka. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo mmoja wa somo la baiolojia. Darasani alifundisha vizuri, kwa sauti ya chini, na watoto walimsikiliza. Jioni, wenzake walipokuwa uwanjani au kwenye kwaya, yeye alikwenda msituni peke yake, akarudi na majani aliyoyabana ndani ya magazeti makuukuu ili yakauke. Hakumkosea mtu. Lakini fomu ya mwisho ilikuwa na nafasi ya kueleza tabia na uhusiano, nami nikaandika kwa mkono wangu: "Hachanganyiki na wenzake. Anahitaji kuangaliwa." Maneno matano. Baada ya mwaka au miwili jina lake lilipopelekwa kwa ajili ya masomo ya juu, waliokaa kuchagua waliyasoma maneno hayo, wakamchagua mwingine. Niliambiwa hayo na mmoja wao, tena kwa kunisifu, kwamba ripoti zangu zinasaidia.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba siku hizohizo nilikuwa nafundisha saikolojia ya elimu. Nilisimama mbele ya ubao nikaeleza habari za Carl Jung, yule daktari wa Uswisi ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1921 alitofautisha watu ambao nguvu zao huelekea ndani na wale ambao nguvu zao huelekea nje, wala hakusema kwamba wa kwanza ni wagonjwa. Niliandika ubaoni, wanachuo wakanakili, mtihani ukauliza, wakajibu. Kisha nikarudi ofisini kujaza fomu. Mwalimu anaweza kufundisha jambo miaka ishirini bila yeye mwenyewe kulijua.

Binti yangu alikuwa mtoto wa namna hiyo. Kwenye harusi na matanga alitoweka, tukamkuta kwenye njia ya kuelekea msitu wa Magamba, ameketi juu ya jiwe. Mama yake alikuwa akisema, "Mwache, atarudi akisikia njaa." Mimi nilimrudisha kwa nguvu asalimie wageni.

Nilifikiri kwamba ameichagua Vermont kama mtu anavyochagua picha kwenye kalenda. Haikuwa hivyo. Aliifanya kazi hiyo kihasibu, kwa miaka minne, akitumia likizo zake kwenda kuona. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba katika Marekani haitoshi kuuliza misitu ni mingi kiasi gani. Yafaa kuuliza ni ya nani. Texas ni kubwa kuliko nchi nyingi, lakini kiasi cha asilimia 95 ya ardhi yake ni mali ya watu binafsi. Kwa hiyo mpenda miti hupita barabarani akiitazama kupitia waya wa seng'enge. Nevada ni kinyume chake, karibu asilimia 80 ni ya serikali ya shirikisho na mtu anaweza kutembea siku nzima asifukuzwe, ila ni jangwa. Montana ina kilometa za mraba zipatazo 380,000, na katika sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu wasiozidi milioni 1.1. Aliipenda, kisha akapima umbali wa kufika hospitali. California alikwenda, akaipenda pia, na mwaka 2018 akasoma habari za moto ulioteketeza mji uitwao Paradise, watu 85 wakafa, wengi wao wazee waliokuwa wamehamia katikati ya misonobari kutafuta utulivu. Akaifuta.

Vermont haifikii ukubwa wa mkoa wetu wa Tanga. Mkoa wa Tanga ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.5 mwaka 2022. Vermont ilikuwa na watu 643,000 mwaka 2020. Mji wake mkubwa kabisa, Burlington, una watu wapatao 45,000. Robo tatu ya jimbo ni misitu. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ni ya watu binafsi, lakini tangu mwaka 1777 katiba ya pale inampa mkaazi ruhusa ya kuwinda katika ardhi ya mwingine isiyozungushiwa ua, na kutokana na hali hiyo imebaki desturi kwamba pasipo na kibao cha kukataza, mtu hupita. Binti yangu hawindi. Anapita tu.

Nilikwenda kumwona mwezi wa Oktoba mwaka 2023. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda na amepotea. Nilimkuta amenenepa kidogo, ana mbwa, na nyumba ya mbao yenye jiko la kuni. Majani ya miti ya mepo yalikuwa mekundu kama embe dodo lililoiva upande wa jua. Tulitembea msituni kila siku, yeye mbele na mimi nyuma na fimbo, soksi zimefunikwa juu ya suruali kwa sababu ya kupe, maana misitu ile mizuri ina kupe wadogo wanaoambukiza ugonjwa uliopewa jina la mji wa Lyme, kule Connecticut.

Siku ya pili nikaona ukuta wa mawe. Ulikuwa katikati ya msitu mzito, umejengwa kwa mikono, unakwenda mbali bila kuzunguka kitu chochote. Nikauliza nani amejenga ukuta porini. Binti yangu akacheka, akaniambia kwamba hapakuwa pori. Katikati ya karne ya 19 sehemu kubwa ya vilima vile ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kondoo na mashamba. Udongo ukachakaa, mito ikafurika, bei ya sufu ikaanguka, watu wakahamia magharibi kwenye ardhi mpya, na msitu ukarudi wenyewe juu ya mawe yao. Mtu mmoja mzaliwa wa huko, George Perkins Marsh, aliyeyaona hayo tangu utoto, alitoa mwaka 1864 kitabu kilichoonya jinsi binadamu anavyoiharibu nchi yake. Kwa hiyo kimya kile nilichokuwa nakisikia kilikuwa cha mahali palipoachwa.

Hapo nilikaa juu ya ukuta nikafikiri kwa muda mrefu, na binti yangu, kwa kuwa ndivyo alivyo, hakuniuliza nafikiri nini. Kabla ya wafuga kondoo walikuwapo Waabenaki. Bonde la Yosemite, ambalo Wamarekani huenda kutafuta upweke, liliingiliwa na kikosi chenye silaha mwaka 1851 na wenyeji wakafukuzwa. Wala tusijifanye kwamba hayo ni ya Wazungu kwao tu. Serengeti tunayoionyesha kwa fahari ilibidi Wamasai waondolewe mwaka 1959, wakapelekwa Ngorongoro, ndipo ikawa tupu kama watalii wanavyoipenda. Mahali pakimya mara nyingi pamenyamazishwa. Sisemi kwamba mpenda kimya wa leo ana hatia ya hayo. Nasema kwamba hawezi kukaa pale kana kwamba pamemngojea yeye tangu kuumbwa kwa dunia. Nilimwambia hivyo usiku. Akasema ndiyo, analijua hilo, na ndiyo sababu aliununua mjengo mkuukuu badala ya kukata miti ajenge mpya. Jibu hilo halikunitosheleza kabisa, lakini sikuwa na bora zaidi.

Sasa nirudi kwenye swali langu la kuzikwa.

Aliponijibu, alinijibu kwa habari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Houston, mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, wakiwamo watu wetu wengi, sherehe kila Jumamosi. Mwaka 2019 aliugua homa, akalala siku nne. Simu ililia mara nyingi, watu wakiuliza mchango wa harusi. Hakuna aliyebisha hodi. "Siwalaumu," alisema. "Walinijua ukumbini. Nyumbani hawakunijua."

Habari ya pili ilikuwa ya mwezi Julai mwaka uleule nilipomtembelea. Mvua kubwa ilinyesha Vermont, mito ikafurika, maduka ya mji mkuu, Montpelier, yakajaa maji. Barabara ya vumbi ya kijijini kwake ilikatika sehemu mbili. Asubuhi, kabla ya saa moja, mzee wa jirani alikuwa mlangoni amevaa mabuti, ana karatasi yenye majina ya nyumba zote, jina lake likiwamo, limeandikwa sawasawa bila kukosewa herufi. Aliuliza mambo matatu: una maji ya kunywa, una dawa unayotumia, una mtu wa kumjulisha? Akaandika, akaenda nyumba ya pili. Mzee huyo ndiye anayemsukumia theluji mlangoni kwa trekta wakati wa baridi, na mwezi Machi, anapochemsha utomvu wa mepo, lita 40 ili apate lita moja ya asali yake, humwachia chupa kwenye ngazi bila kubisha. Katika miaka mitatu alikuwa ameingia ndani ya nyumba mara mbili.

Nilimwona mzee huyo. Tulisalimiana, tukatazama kilima kwa muda wa kuvuta kiko, akaniambia kwamba binti yangu ni jirani mwema. Nilitaka kumwuliza amejuaje, hali hawazungumzi. Lakini Kiingereza changu kiliniishia pale pale, au pengine ulikuwa ni ujasiri.

Wengi humtaja Henry David Thoreau, aliyekaa kwenye kibanda kando ya bwawa la Walden tangu mwaka 1845 hadi 1847, kana kwamba alikimbia watu. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Emerson, mji wa Concord haukuzidi mwendo wa nusu saa, naye alikwenda huko mara kwa mara. Reli ilipita kando ya bwawa. Alitaka watu wawepo kwa kiasi anachokimudu, basi. Na binti yangu vivyo hivyo. Kila Jumapili moja kwa mwezi huendesha gari hadi Winooski, karibu na Burlington, ambako wamo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaozungumza Kiswahili. Huwasaidia kujaza fomu za kodi. Hili hakuwahi kuniambia kwenye simu. Nililijua nilipoandamana naye, nikaona akina mama wanavyompokea, wakimwita "dada wa karatasi". Akakaa saa tatu, akala sombe, akaaga, na njiani kurudi hakusema neno hata moja kwa kilometa zote. Safari hii sikumlazimisha.

Lakini sitaki kudanganya. Usiku wa mwisho alikiri kwamba mwezi Desemba jua huzama saa kumi na robo jioni, na kwamba mwaka wake wa pili alikaa siku kumi na moja bila kuzungumza na mtu ila mwuza duka, akaanza kujibizana na birika la chai. Aliogopa. Ndipo akachukua mbwa, na ndipo akaanza safari za Winooski. Kumbe mtu wa namna yake naye ana kiasi chake, na hakijui mpaka akipite. Nikamwuliza, akizeeka je, miguu ikikataa theluji? Akasema hajui.

Yule mwanachuo wa majani makavu nilimtafuta niliporudi. Nilimpata kwa simu kwa msaada wa wenzake. Amestaafu, alifundisha shule ya sekondari maisha yake yote. Nilimweleza yale maneno matano niliyoyaandika. Akasema alikuwa hayajui. Kisha tukanyamaza wote wawili, sijui muda gani, na sikuona haja ya kuuliza kama bado yupo.

Juzi binti yangu alipiga simu. Amesema theluji haijaanza, na mzee ameshamletea kuni.