Msumari, Kizibo na Daftari

Ndugu mchimbaji wa Chunya, na wewe wa Geita, na wewe dada uliyenunua detekta kwa fedha za kikundi: jana umechimba mashimo mangapi? Kumi na tano? Umerudi na nini? Misumari miwili, vizibo vya soda na kipande cha kopo kilicholiwa na kutu. Jioni ukakaa motoni ukasema nyota yako imefifia, labda kuna mtu kakufunga. Hebu iache nyota, nijibu moja tu. Mara ya mwisho ulipima mita ya detekta yako lini?

Usinitajie ile siku uliyoinunua. Nauliza wiki hii.

Mita ile haijui dhahabu, haijapata hata kuisikia. Sahani ya detekta inapeleka nguvu ya sumaku ardhini, metali iliyofukiwa inajibu kwa kuchelewa kidogo, na mashine inapima ule uchelewaji na kuugeuza namba. Basi, hilo tu ndilo linalotokea pale kwenye kioo. Kwa mashine nyingi zenye kipimo cha 0 hadi 99, chuma hukaa chini kabisa, fedha na shaba nene hukaa juu, kawaida kupita 80. Dhahabu je? Hapa ndipo watu wengi wanapoachia riziki ipite.

Kwa upitishaji wa umeme, dhahabu inaifikia shaba kwa takriban asilimia 70. Mtu akisikia hivyo atasema basi namba yake itakuwa juu, jirani ya shaba. Sivyo. Mita haisomi aina ya metali peke yake. Inasoma pia ukubwa, unene na umbo. Punje ya nusu gramu itajibu kinyonge, na namba yake itaangukia palepale ilipo karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ikiwa ndogo zaidi na udongo ni mwekundu wenye chuma kingi, inaweza kushuka hadi eneo la misumari. Sasa wewe umezima sauti za namba zote za chini kwa sababu umechoka na takataka. Umezizima pamoja na ulichokifuata! Na Lupa, kule Chunya, unaijua. Tangu miaka ya 1920 watu wanachimba pale, na ile rashi ya dhahabu ya miaka ya 1930 ilileta mahema, misumari na makopo ya kila namna. Takataka zao na dhahabu yako vinalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo ifundishe macho yako mita uliyonayo, si ile ya jirani, wala si ile ya kwenye video. Tafuta ubao mkavu usio na msumari hata mmoja. Kusanya msumari wa inchi tatu, kizibo cha soda, karatasi ya sigara, sarafu, pete ya fedha, na punje yako halisi ya dhahabu uliyoipima uzito. Kama punje huna, azima kipini au hereni ndogo, ila kumbuka namba yake itakuwa ya kipini, si ya punje. Vua saa na pete, weka simu mbali, sururu iwe hatua kadhaa nyuma yako. Washa mashine, iache dakika chache itulie. Pitisha kila kimoja mbele ya sahani kwa umbali ule ule na mwendo ule ule, mara tano tano, kisha uandike. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha mwaka mzima.

Ukimaliza, fukia punje yako kidogo kwenye udongo wa eneo unalochimba, ikiwa imefungwa kwenye kifuko cha nailoni ili isipotee (nimeona mtu akilia kwa kusahau hilo). Utashangaa. Namba iliyokuwa imetulia hewani sasa inarukaruka. Hiyo ndiyo sauti ya ardhi, na dawa yake ni kusawazisha: tafuta mahali pasipo na metali, pandisha na shusha sahani juu ya udongo hadi muungurumo ulingane juu na chini. Ukihama kutoka mchanga wa mtoni kwenda udongo mwekundu, sawazisha tena. Usione uvivu. Ukipata ishara, ipite kwa msalaba, mashariki hadi magharibi kisha kaskazini hadi kusini. Namba ikishikilia pande zote, chimba. Ikiyumba karibu na eneo la punje ndogo, chimba pia, kwani dhahabu ndogo iliyo chini ndivyo inavyosema.

Tunza na chombo. Betri dhaifu huvuruga usomaji. Waya uliolegea kwenye fimbo hutoa mlio wa uongo kila ukizungusha mkono.

Mimi nilipoteza wiki nzima ya kiangazi nikiifukuza namba moja iliyonifuata kila niendako. Nilichimba hadi malengelenge yakapasuka. Mwenzangu akafungua mfuniko wa sahani kwa kisu: mchanga mweusi umejaa ndani, ule wenye chuma, nimeubeba mwenyewe siku zote. Tangu hapo naufungua kila jioni, nafuta, nakausha kivulini.

Usijione mjinga, hata wakubwa yamewapata. Alexander Graham Bell, yule wa simu, mwaka 1881 alitengeneza chombo cha kutafuta risasi iliyokwama mwilini mwa James Garfield, rais wa Marekani aliyepigwa risasi Julai 2. Alikuwa amekijaribu vizuri, hata kwa wanajeshi wa zamani waliobeba risasi miilini. Lakini godoro la rais lilikuwa na springi za chuma chini yake, na daktari mkuu alimruhusu apime upande wa kulia tu. Risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba 19. Chombo kilikuwa sawa. Kilichokizunguka hakikuwa sawa. Wewe godoro lako ni lipi? Buti zenye chuma? Sururu iliyo mguuni? Waya za umeme zilizo juu ya kichwa chako?

Mashine imekula mtaji wa msimu mzima, nayo inadai dakika kumi tu kila asubuhi. Zitoe! Kesho kabla ya chai, kabla hata ya kumsalimia mwenye duara, tandika ubao. Msumari umesema ngapi? Andika. Kizibo? Andika. Punje? Imeshuka namba tatu kutoka jana? Badilisha betri, pima tena, andika. Haya, kaza mkanda, tushuke bondeni.