Aliyedhulumiwa Ana Haki ya Kudhulumu?



Wapo ndugu wanaoniuliza Mwislamu anatafuta nini katika riwaya za Waingereza wa karne ya 19. Jibu langu ni kwamba dhulma haina taifa, na moyo uliojeruhiwa London hauna tofauti kubwa na uliojeruhiwa kwetu. Nachukua mfano mmoja: Miss Havisham, bibi wa ajabu katika Great Expectations ya Charles Dickens, riwaya iliyotolewa kwa sehemu sehemu katika jarida la kila wiki kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861.

Kwa asiyeisoma, habari yake ni hii. Havisham ni binti wa tajiri mwenye kiwanda cha pombe. Anapendwa kwa uongo na tapeli aitwaye Compeyson, anayeshirikiana kwa siri na ndugu yake Havisham wa baba mmoja ili wamle mali. Siku ya harusi, akiwa anavaa, inafika barua: bwana harusi haji. Ilikuwa saa 3 kasoro dakika 20 asubuhi. Akasimamisha saa zote za nyumba hapo hapo. Miaka inapita naye bado yumo ndani ya gauni lile lile lililogeuka manjano, kiatu kimoja mguuni, keki ya harusi ikiozea mezani huku buibui wakiitembelea, na jua halimpati.

Wasomaji wengi humwona kichaa, wakamcheka au wakamwogopa. Mimi naona swali ndani yake: je, mtu aliyedhulumiwa kweli anapata ruhusa ya kudhulumu?

Tuanze kwa kumtendea haki. Alidhulumiwa, na huzuni yake si kosa. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe kwa majonzi, na Qur'ani haikumlaumu. Lakini tazama tofauti. Yaakub alimshitakia Mola wake huzuni yake, wala hakukata tamaa ya rehema Zake, na watoto waliomfanyia ubaya hakuwafanya maadui. Alilia bila kuifanya nyumba yake kaburi.

Tena dini yetu inaijua nguvu ya huzuni, ndiyo maana ikaiwekea mpaka. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Kwa maiti mwingine, maombolezo ya mwanamke hayazidi siku 3. Mpaka huu haumwamrishi mtu asahau, maana hakuna anayeweza kuuamrisha moyo. Unamwambia tu kwamba saa itaendelea kwenda. Havisham alikataa saa isiende, na hapo ndipo jeraha lilipoanza kuoza pamoja na keki.

Sasa tutazame kisasi chake. Alimchukua mtoto wa kike, Estella, akiwa na umri wa miaka 2 au 3 hivi, asiye na mzazi wa kumtetea, akamlea awe mzuri na asiye na huruma, ili avunje mioyo ya wanaume. Kisha akamleta nyumbani Pip, yatima anayelelewa na dada yake na shemeji yake mhunzi, awe mtu wa kufanyiwa mazoezi. Pip akampenda Estella, akadharauliwa kwa mikono yake na viatu vyake, na tangu siku hiyo akaanza kumwonea aibu shemeji yake aliyemlea kwa upendo.

Na Compeyson je? Hakuguswa. Anakuja kufa maji katika mto Thames kwa ugomvi mwingine kabisa, usiomhusu Havisham hata kidogo. Kisasi cha miaka yote ile hakikumfikia mwenye kosa hata siku moja. Kiliwafikia watoto wawili ambao siku ile ya barua hawakuhusika kwa lolote. Qur'ani imeshatufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Tunaisoma aya hiyo tukifikiria Akhera, lakini ni kanuni ya duniani pia: anayewaadhibu wanaume wote kwa kosa la mmoja, au wanawake wote kwa kosa la mmoja, anambebesha mtu mzigo usio wake.

Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba Havisham hakuanza na nia mbaya. Mwenyewe anamwambia Pip kwamba mwanzo alitaka tu kumwokoa mtoto na machungu kama yake. Kinga ikageuka silaha polepole, kwa maneno ya kila siku. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: alipozeeka na kumwomba Estella mapenzi, binti akamweleza bila hasira kwamba hawezi kutoa kitu ambacho hakufundishwa.

Hapa yupo atakayesema: ni rahisi kumhubiria msamaha mtu aliyeumia. Nakubaliana naye. Mara nyingi neno "samehe" hutumiwa kumfunika mkosaji, hasa aliyedhulumiwa anapokuwa dada yetu. Uislamu haukutaka hivyo. Umempa aliyedhulumiwa haki ya kudai kadiri ya alivyofanyiwa, bila kuzidisha, kisha ukasema kusubiri na kusamehe ni bora. Mfano ni kisa cha kuzushiwa Bi Aisha (r.a.). Mmoja wa waliousambaza uzushi ule alikuwa Mistah, jamaa maskini wa Abu Bakr (r.a.) aliyekuwa akiishi kwa msaada wake. Wapokezi wanasimulia kwamba wazushi waliadhibiwa. Haki ikapita. Abu Bakr, baba wa aliyezushiwa, aliapa kutompa Mistah kitu tena. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur, akarudisha msaada wake. Haki na msamaha vilikaa pamoja. Kilichokosa nafasi ni chuki ya kudumu.

Mwishoni Havisham anajuta. Anatoa pauni 900 kumsaidia rafiki yake Pip kama Pip alivyomwomba, na anamsihi Pip aandike chini ya jina lake kwamba amemsamehe. Pip anamsamehe, na gauni lile kuukuu linaposhika moto, yeye ndiye anayeungua mikono akimwokoa. Lakini Estella ameshaolewa na Drummle, mwanamume katili. Mlango wa toba ulikuwa wazi kwa bibi yule. Moyo wa mtoto alioupinda haukunyooka kwa sababu yeye amelia. Ndiyo maana wanazuoni wetu hutukumbusha kwamba dhambi inayogusa haki za watu haiishi kwa machozi ya mkosaji peke yake.

Sisi chuoni hatuna majumba ya keki zilizooza, ila saa zilizosimamishwa tunazo. Wa mwaka wa pili anamnyanyasa wa mwaka wa kwanza kwa kuwa naye alinyanyaswa. Kaka aliyeachwa na mchumba anawachezea mabinti watatu. Dada aliyedanganywa anawafundisha wadogo zake kwamba hakuna mwanamume mwenye dini. Kila mmoja ana jeraha la kweli, na kila mmoja anamlipisha asiyemdai.

Nyumba ya Havisham iliitwa Satis, neno la Kilatini lenye maana ya "inatosha". Aliyeipa jina hilo huenda alifikiria mali. Mimi nalichukua kama neno la kumwambia nafsi yangu ninapoumizwa: nidai haki yangu kwa njia yake, nilie kadiri ya kulia, kisha inatosha. Dhulma iishie kwangu, isipite kwenda kwa mwingine.

Allah (s.w.) atuponye majeraha yetu na atuepushe kuwa jeraha la wengine. Wabillahi tawfiq.