Kuamua na Kupatanisha

Watu wawili wakishikana mashati, tunapiga kelele: "Waamueni!" Maana yake, watenganisheni. Neno hilohilo tunalitumia kwa hakimu aliyeamua kesi. Basi kuamua ni kuweka nafasi kati ya wagomvi: huyu huku, yule kule. Ni kazi njema, maana inazuia damu. Lakini inaishia hapo.

Kupatana kumetoka katika kupata: mimi nakupata wewe, nawe unanipata mimi. Hata sokoni muuzaji na mnunuzi hupatana bei, kila mmoja akiachia kidogo.

Mimi na kaka yangu tuligombea mpaka wa shamba la marehemu baba. Wazee wakaamua, jiwe likawekwa, nikapata haki yangu. Miaka sita tukapita njia moja bila salamu. Kesi ilikwisha, ugomvi ukabaki.

Ndipo niliposoma tena Mathayo 5:23-24. Bwana haulizi nani alishinda kesi. Anamtuma yule aliyekumbuka kwamba nduguye ana kinyongo naye, aiache sadaka, aende kwanza. Nilikwenda. Jiwe halikuondolewa, wala kaka hakuomba liondolewe. Tulikula ugali sahani moja.

Mpendwa msomaji, tusidharau haki. Pasipo haki, amani ni ya uongo. Ila tusidhani kwamba hukumu ikishatolewa kazi imekwisha. Mungu naye angeweza kutuamua tu, akabaki kule nasi huku. Lakini katika Kristo alitupatanisha naye.