Kiraka cha Babu

Ninaunda mfano wa garimoshi la mvuke aina ya 59 la Reli za Afrika Mashariki. Yalijengwa 34 Manchester, 1955 hadi 1956. Langu ni dogo mara 22.5, hivyo reli ya mita moja inakuwa karibu milimita 45. Kila ribiti nimeipachika kwa kufuata mchoro wa kiwandani.

Babu, aliyekuwa fundi wa kulehemu karakana ya Nairobi, alilipapasa tangi la maji.

“Kiraka changu kiko wapi?”

Mchoroni hakimo. Picha yake hakuna. Je, uaminifu ni kufuata karatasi, au kumwamini aliyeshika moto? Nilidhani usahihi hauna upande. Kumbe mchoro humkumbuka aliyebuni, humsahau aliyekarabati.

Nilimpa penseli. Alichora, mkono ukitetemeka. Nikakilehemu hapohapo, kimepinda vilevile.