Sikio la Askari

Katika Marekani, kijana atakaye kuwa askari huketishwa ndani ya chumba kidogo kisichopenya kelele, akavikwa vifaa vya kusikilizia, na kila asikiapo mlio hubonyeza kitufe. Kadiri sikio lilivyo zito ndivyo hesabu yake ya desibeli ipandavyo. Kwa milio ya mizunguko 500, 1,000 na 2,000 kwa sekunde, wastani wa kila sikio haupasi kuzidi desibeli 25, wala mlio mmojawapo kuzidi 30. Kwa mizunguko 3,000 mpaka ni 35, na kwa 4,000 ni 45. Avukaye mipaka hiyo hukataliwa, isipokuwa amepewa ruhusa maalumu. Je, ni haki kumnyima mtu heshima ya kulinda nchi yake kwa sababu ya upungufu asioutaka?

Watetezi wa sheria hujibu kuwa askari hana uhai wa peke yake. Mlinzi wa usiku asiyesikia hatua za adui majanini huhatarisha wote waliolala wakimtumaini. Hoja hii ni nzito, na huruma haiwezi kuipindua.

Lakini uzito wake una kikomo, maana kazi za jeshi si ulinzi wa usiku tu. Iko kazi ya ramani, ya mitambo, ya hesabu na ya picha, ambazo jicho na akili huzitosheleza. Katika Israel viziwi wamesamehewa utumishi wa lazima, lakini watakao hupokewa kwa hiari yao. Hata zamani, katika vita vya Texas vya mwaka 1836, Erastus Smith, mtu mwenye masikio mazito, alikuwa mpelelezi wa Jenerali Sam Houston, na ndiye aliyeongoza kundi lililoharibu daraja la Vince siku ya mapigano ya San Jacinto. Basi kipimo cha haki huanza kwa kuuliza kazi yahitaji nini, ndipo kiulize mtu ana nini.

Liko jambo jingine zito zaidi. Jeshi likataalo masikio mabovu ndilo liharibulo masikio mazima. Kelele ya desibeli 85 ikidumu saa nyingi siku kwa siku hudhuru sikio. Mlio wa bunduki hupita 150. Miongoni mwa askari wastaafu wa Marekani, mvumo usiokoma masikioni na uziwi ni katika madhara ya utumishi yaliyoenea kuliko yote.

Kwa hiyo, kipimo cha mlangoni si chekecheo tu. Ni stakabadhi ya amana. Taifa limeandika kwa desibeli lilichopokea, na haliwezi kudai baadaye kwamba halikujua. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini mkopaji mwungwana hulipa. Jeshi lenye haki ya kumkataa kiziwi langoni lina wajibu ulio sawa na haki hiyo: kuyakinga masikio liliyoyakubali, na kumtunza yule aliyeingia akisikia akatoka hasikii.