Mkubwa Naye Asikie



Sote tumelelewa na methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huambiwa mtoto akikaidi, huambiwa mwanafunzi chuoni, huambiwa kibarua kazini. Methali hii ni ya kweli. Lakini nani aliyewahi kutuuliza: na mkuu asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini? Yafaa tulitazame jambo hili, kwani ni wachache katika sisi wasiokuwa wakubwa wa mtu. Mwenye duka ana kijana wake wa kuuza, nahodha ana mabaharia wake, mwalimu mkuu ana walimu wake, na mama mwenye nyumba ana msichana wa kazi, ambaye pengine ametoka mbali huko bara.

Basi natutoke pwani kidogo tufike huko bara, mpaka Mwankoko. Ni kata ya Manispaa ya Singida, katikati ya Tanzania, katika nchi ya Wanyaturu. Nchi hiyo ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Mjini Singida yako maziwa mawili, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi. Kwa hiyo Mwankoko vimechimbwa visima virefu, na maji yake husukumwa kwa pampu mpaka mjini. Maelfu ya watu hufungua bomba asubuhi bila ya kumjua yule aliyekesha na pampu usiku.

Sasa tuchukue mfano tu, wala si kisa cha mtu fulani. Mtu wa zamu ya usiku asikia pampu inalia sauti asiyoizoea. Asubuhi amwendea mkubwa wake, amwambia. Mkubwa hainui hata kichwa katika karatasi zake: "Wewe umekuwa fundi tangu lini?" Wenziwe wacheka. Siku ya pili sauti ni ile ile, lakini mtu yule hasemi tena. Katika daftari aandika kwamba hali ni njema, kama walivyoandika wengine. Siku ya tatu pampu yaungua, na mji mzima washika ndoo.

Hapa ndipo penye swali letu: uongo ule ulioandikwa katika daftari ni wa nani? Utasema ni wa aliyeuandika, na kweli hawezi kuukana, kwani mkono ni wake. Lakini nani aliyeifanya kweli kuwa ghali? Siku ya kwanza mtu yule aliileta kweli bure, akalipwa fedheha. Mkubwa ndiye apangaye bei ya kweli katika kazi yake. Akiifanya ghali, watu wake watanunua uongo, maana ndio rahisi. Basi mkubwa asiyesikia hapotezi khabari tu, bali huwafundisha watu wake kusema uongo, kisha huwalaumu kwa somo alilowafunza mwenyewe.

Taifa zima limepata kulionja jambo hili. Mwaka 1970, Waraka wa Rais Nambari 1 uliagiza yaundwe mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi apate pa kusemea. Mwaka uliofuata, Februari 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Hata hivyo, baina ya 1971 na 1973 kazi ilisimama katika viwanda vingi, na mara nyingi malalamiko hayakuwa juu ya mshahara, bali juu ya dharau na maneno machafu ya mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Mabaraza yalikuwapo, lakini waraka waweza kumpa mtu kiti cha kukalia asikilize. Hauwezi kumpa masikio.

Wako watakaosema: mkubwa akimsikiliza kila mtu, heshima yake itakwisha na amri yake haitashikwa. Ndugu zangu, kusikiliza si kukubali kila neno. Nabii Suleiman, pamoja na ufalme wake wote, alimkosa hudhud katika safu ya ndege, na alikuwa amekwisha kuahidi kumwadhibu asipoleta hoja. Ndege yule alipofika na kusema kwamba anajua jambo asilolijua mfalme, hakukatizwa. Alisikilizwa mpaka mwisho, kisha akapewa barua aipeleke Sabaa ili ijulikane kama ni mkweli au mwongo. Hakuadhibiwa kabla ya kusikilizwa, wala hakusadikiwa kabla ya kuchunguzwa. Ufalme haukupungua kitu.

Na katika khabari za Badr, mwaka wa 2 Hijria, wapokezi wa sira wanasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliteremka mahali, na Hubab bin al-Mundhir akamwuliza kama mahali pale ni kwa wahyi au ni rai tu ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, akashauri wasogee mpaka kisima kilicho karibu na adui, na shauri lake likafuatwa. Tutazame si jibu tu, bali swali lenyewe. Askari aulizaye vile mbele ya watu ni mtu ajuaye kwamba hatavunjiwa uso. Hapo kweli ilikuwa rahisi kusemwa.

Basi tufanyeje? Mtu akikujia na neno, weka chini ulichonacho mkononi na umwache amalize. Kisha mrudishie maneno yake, useme, "Nimekufahamu hivi, ndivyo?" maana mara nyingi twajibu tulichodhani, si tulichoambiwa. Likihitaji kuchunguzwa, lichunguze. Na ukisha kuamua, mrudie umwambie ulivyoamua na kwa sababu gani, hata kama umelikataa shauri lake. Aliyekataliwa kwa heshima atakuja tena kesho, aliyechekwa haji.

Wala tusidhani haya ni ya makarani na viwanda peke yake. Yule msichana wa jikoni aliyevunja kikombe akakificha, hebu tujiulize alichokiogopa ni kikombe au ni sisi. Leo amekificha kikombe. Kesho mtoto wetu akianguka mikononi mwake, atatwambia?

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yasiyomtisha mwenye kusema kweli. Amin.